Barua ya wazi kuhusu nyumba za askari: tafadhali mje kuhesabu usiku

Kwa Waziri wa Usalama wa Ndani wa Kenya, Inspekta Jenerali wa Polisi, makamishna wa Tume ya Kitaifa ya Huduma ya Polisi na wenzao wa Tume ya Mishahara na Marupurupu.

Waheshimiwa,

Kwa miaka minne nililala nikitazama leso. Haikuwa yangu. Ilikuwa ya mke wa konstebo mwenzake mume wangu, na ilitundikwa kwenye kamba ya katani ili chumba kimoja kiwe nyumba mbili. Jina la leso hiyo, yaani maneno yaliyochapwa juu yake, lilikuwa "Siri ya mtungi aijuaye kata." Upande wenye rangi ulitazama kwao. Sisi tuliokuwa nyuma tulilisoma jina hilo kinyumenyume, na mwanangu wa kwanza, aliyejifunza herufi akiwa amelala chali pale kitandani, aliingia chekechea akiandika S iliyogeuka. Mwalimu wake alidhani ana tatizo la macho. Mimi mwenyewe ni mwalimu, na niliona haya kumweleza kisa chenyewe.

Kambi ile sitaitaja, maana mume wangu bado anavaa sare. Isitoshe, aliyetupangia chumba hakuwa na pengine pa kutuweka: askari walikuwa wengi kuliko milango. Chumba kilikuwa hatua saba kwa tano, nilikipima kwa miguu siku tuliyoingia. Upande wetu kulikuwa na kitanda, meza, mtungi wa gesi chini ya meza na masanduku mawili yaliyopandana. Upande wao vivyo hivyo, pamoja na mtoto mchanga. Mlango ulikuwa mmoja, nao ulikuwa kwao. Kila tulipotaka kwenda choo cha nje usiku tulipita miguuni pa watu wawili waliolala, tukikohoa kwanza.

Ukiishi hivyo unajitungia adabu yako. Tulijua redio ifunguliwe saa ngapi na kwa nini. Tulijua nani apike kwanza ili moshi wa mafuta wa upande mmoja usikutane na wa upande mwingine. Mume mmoja akirudi kutoka doria saa kumi alfajiri, mwenzake ndipo anaamka kwenda zamu ya asubuhi, kwa hiyo buti hazikunyamaza. Ugomvi wa mke na mume tuliupeleka nyuma ya matangi ya maji, na mara nyingine tulikuta wengine wametutangulia kugombana hapo. Mambo ya unyumba nayaacha. Nyote ni watu wazima.

Sasa njooni kwenye hesabu, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mwisho wa mwezi tulikuwa tunaweka hati zetu mbili za mshahara mezani, ya mwalimu na ya konstebo. Yangu ilikuwa na mstari wa marupurupu ya nyumba. Sisemi mwalimu anaishi kifalme. Mstari wenyewe ni mwembamba. Lakini pesa hizo ni zangu. Nikitaka nyumba ya vyumba viwili mbali na shule nitembee, shauri yangu. Nikitaka bedsita karibu na soko, shauri yangu. Mwajiri wangu hanichagulii jirani, wala hajui kama nimetundika pazia au leso. Kwenye hati ya mume wangu mstari huo haukuwepo, kwa sababu vitabu vilisema amepewa nyumba. Vitabu hivyo hivyo vilisema jirani yetu naye amepewa nyumba. Nyumba ni ile ile moja. Hatua saba kwa tano zilimeza marupurupu ya wanaume wawili, na hakuna mhasibu aliyeona ajabu.

Watu huniambia, si kaziye aliichagua? Aliichagua. Ila nataka msome kifungu kimoja pamoja nami, kwa sababu nahisi mmekisoma zamani mkakisahau. Katiba ya 2010, kifungu cha 24, sehemu ya tano, inaruhusu sheria ipunguze haki kadhaa za mtu aliye katika Jeshi la Ulinzi au katika Huduma ya Kitaifa ya Polisi. Haki zenyewe zimetajwa: faragha, kujiunga na vyama, kukusanyika na kuandamana, mahusiano ya kazi, haki za kiuchumi na kijamii, na haki za mtu aliyekamatwa. Ndani ya zile za kiuchumi na kijamii, kifungu cha 43, ndimo mlimo haki ya makazi yanayofaa. Kwa maneno mengine, askari na mwanajeshi ndio Wakenya ambao Katiba yenyewe imekubali kwamba faragha yao na nyumba yao vinaweza kukatwa kidogo kwa ajili yetu sisi wengine. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Leso yetu ilikuwa ya kikatiba!

Lakini kupunguza si kufuta. Na aliyepunguziwa haki ya kugoma hakupunguziwa ili asahauliwe. Alipunguziwa kwa kuaminiana kwamba kuna mtu mwingine atakayemsemea. Mimi nikidhulumiwa nina chama. Mwaka 2015 walimu tuligoma wiki kadhaa, nikalala nyumbani na chaki zangu, na nchi nzima ikajua tunadai nini. Julai 2025 vyama vyetu vilitia saini mkataba mpya wa miaka minne. Mume wangu akidhulumiwa anaandika barua, anampa mkubwa wake wa kituo, na mkubwa huyo ndiye anayepanga zamu, ndiye anayependekeza uhamisho, na mara nyingi ndiye aliyegawa vyumba. Barua ya namna hiyo huandikwa mara moja tu maishani.

Waingereza waliotuachia muundo huu wa polisi walilipata somo hilo mapema. Polisi wa London waligoma mwaka 1918 na wengine tena mwaka 1919, wakidai mshahara na chama chao. Bunge likapiga marufuku chama cha wafanyakazi kwa polisi, lakini katika sheria hiyo hiyo ya 1919 likawaundia shirikisho la kuwasemea, nalo lipo mpaka leo. Wanajeshi wao wana bodi huru ya kupitia mishahara tangu 1971. Afrika Kusini wamekwenda mbali zaidi, polisi wana vyama kamili. Sisi tulichukua kofia, tukachukua gwaride, tukachukua hata kibanda cha bati. Shirikisho tukaliacha kwenye meli.

Na kwa vile nimetaja wanajeshi, historia yetu nayo ipo. Januari 1964, wiki sita tu baada ya uhuru, wanajeshi wa kambi ya Lanet kule Nakuru waliasi, siku chache baada ya wenzao wa Tanganyika na siku moja baada ya wale wa Uganda, na mshahara ulikuwa miongoni mwa malalamiko. Simtishi mtu. Nataja tu kwamba kimya cha kambini si lazima kiwe cha kuridhika.

Shemeji yangu yuko jeshini. Sisi wa polisi tulikuwa tukiwaonea gere hao: wana hospitali yao, wana duka lao la bei nafuu, kambi zao zina lami. Kisha kuanzia Julai mosi 2025 chakula cha mchana cha bure kikaondolewa, kila mmoja alipie anachokula. Wengi walisema ni haki, mbona raia wanajinunulia? Kweli, sisi walimu chai ya saa nne tunachanga wenyewe, na mwenye deni la chai tunamjua kwa jina. Lakini mimi nikiona andazi la shuleni ni ghali natoka nje ya geti nanunua kwa mama wa kibandani. Mwanajeshi aliye zamu hana geti la kutoka. Ndiyo maana kulinganisha mshahara wa askari na wa raia kwa kuweka tarakimu mbili kando kwa kando hakutoshi. Inabidi uulize pia nani kati yao ana ruhusa ya kwenda kibandani.

Ahadi hatujakosa. Mwaka 2009, baada ya damu ya uchaguzi wa 2007, kikosi kazi cha mageuzi ya polisi cha Jaji Philip Ransley kilizunguka nchi na kikatoa mapendekezo zaidi ya 200. Suala la nyumba lilikuwemo. Mume wangu wakati huo alikuwa bado kidato cha tatu. Septemba 2018 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba askari watatoka kambini wakaishi mtaani na raia, wapewe marupurupu ya nyumba. Sare ya buluu nayo ilikuja na mageuzi hayo. Novemba 2023 kikosi kazi cha Jaji Mkuu mstaafu David Maraga kikamkabidhi Rais William Ruto ripoti yake, na serikali ikakubali nyongeza ya asilimia 40 kwa vyeo vya chini, ilipwe kwa awamu tatu kuanzia Julai 2024. Hiyo ya mwisho tumeiona kwenye hati, na nasema asante bila kejeli. Iliingia wakati mmoja na makato mapya, lakini iliingia.

Ile ya 2018 ndiyo nataka tuizungumze, kwa sababu nimeiishi.

Kabla ya kuondoka kambini, jirani yetu wa upande wa pili wa leso alihamishwa kwenda kaskazini. Mke na mtoto walibaki, wakingoja apate mahali. Huko kaskazini gari lake na askari wenzake lilikanyaga bomu barabarani. Mazishi yalikuwa na bendera na hotuba nzuri. Wiki chache baadaye mjane aliambiwa, kwa upole kabisa, kwamba chumba ni cha kazi na kazi imekwisha. Alifunga vitu vyake asubuhi moja. Kitu cha mwisho kukishusha kilikuwa leso. Aliifungua fundo, akaikunja, akamfungia nayo mtoto mgongoni. Kwa siku kumi na moja tulikuwa na chumba kizima. Nakumbuka idadi kwa sababu niliona aibu kwamba nilikuwa nalala vizuri. Siku ya kumi na mbili ikaja familia nyingine na shuka la maua.

Mwalimu akifa, mjane wake anapata taabu nyingi, naijua mizunguko ya pensheni. Ila hakuna mtu wa ofisi ya mwajiri anayekuja kubisha mlango wake. Nyumba ni yake na landilodi.

Tulipotoka kwenda mtaani nilidhani tumefika Kanani. Landilodi wa kwanza alituonyesha nyumba safi, akauliza kazi ya mzee. Aliposikia, akakumbuka ghafla kwamba kuna mtu ameshalipia. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu alikubali kwa sharti kwamba sare isionekane kwenye kamba ya nguo, wapangaji wengine wasiogope. Tangu siku hiyo sare za mume wangu zinaanikwa ndani, juu ya sinki. Baada ya Juni 2024, vijana waandamanaji walipopigwa risasi na polisi barabarani na mbele ya Bunge, majirani waliacha kunijibu salamu. Sikuwalaumu. Waliouawa ni wa umri wa wanafunzi niliowafundisha kusoma. Barua hii siiandiki kutetea risasi, na aliyepiga aende mahakamani, awe alilala kitandani au sakafuni. Wala hongo ya barabarani haihalalishwi na chumba kibovu. Yule marehemu wa upande wa pili wa leso hakuwahi kuleta nyumbani shilingi ambayo mkewe hakujua ilipotoka, na katika chumba kile tungejua wote. Nasema tu kwamba mpango wa kuwapeleka askari mtaani uliandikwa kana kwamba mtaa unawangoja.

Kabla ya hapo, mwaka 2023, ilikuwa imekuja barua ya uhamisho. Mume wangu akapelekwa karibu na mpaka wa Somalia. Huko mtaani ni wapi? Askari anayepanga chumba peke yake katika mji mdogo wa mpakani, kila mtu akijua anatoka saa ngapi na kurudi saa ngapi, amejianika. Kwa hiyo analala ndani ya uzio wa kituo, katika kibanda cha bati cha duara tunachokiita unipoti, ambacho umri wake hakuna anayeujua vizuri ila wote wanasema ni cha mkoloni. Mchana hakukaliki. Ananipigia simu akiwa amekaa kivulini pa gari. Marupurupu ya nyumba hufuata kituo, na kwa kuwa kituo kimebadilika na pesa zimebadilika, lakini kodi yangu mimi na watoto haikuhama kwenda mpakani. Tunaendesha nyumba mbili kwa posho isiyotosha moja.

Na hapo ndipo ninapofika kwenye ushuru wa nyumba. Kila mwezi asilimia 1.5 ya mshahara wangu inakatwa, na asilimia 1.5 ya mshahara wake inakatwa, ili nchi ijengewe nyumba za bei nafuu. Nimesikia, na nimeona kwenye picha, kwamba katika mpango huo zimo nyumba za polisi na wanajeshi. Nafurahi. Lakini mtu anayelala ndani ya bati akichangia ghorofa ana haki ya kuuliza maswali mawili madogo: lini, na wapi. Siombi sherehe ya kuweka jiwe la msingi. Mawe ya msingi tunayo mengi, mengine yameota nyasi.

Ninachoomba si kikubwa, na baadhi hakihitaji saruji. Kwanza vitabu viache kusema uongo: chumba kilichogawanywa kwa leso, shuka au gunia si nyumba mbili, na askari wanaolala humo wasihesabiwe kuwa wamepewa nyumba hadi kila mmoja awe na mlango wake. Tofauti walipwe. Hilo lingewafanya maafisa wa fedha waanze kuchukia mapazia, na nawahakikishia yangeisha upesi kuliko ripoti yoyote ilivyowahi kuyamaliza. Askari mwenye nafasi ya kuchagua achague kambi au mtaa, kwa sababu wa Kayole jijini Nairobi na wa Mandera kule mpakani hawana shida moja. Anayehamishwa akaacha watoto shuleni, marupurupu yake yafuate watoto angalau mpaka mwaka wa masomo uishe. Mjane apewe muda ulioandikwa, wa miezi inayohesabika, na usiwe upole wa mtu fulani. Na pawe na mahali pa kupeleka malalamiko ya nyumba ambapo barua haitapitia kwa aliyegawa vyumba.

Kuhusu shirikisho la kuwasemea, najua mtasema ni jambo la Bunge. Basi lipelekeni Bungeni. Wakati ofisi mbili kubwa zilipokuwa zikivutana hadharani kuhusu nani ashike orodha ya mishahara ya polisi, wenye mishahara hiyo walikuwa wakisoma habari hizo kwenye simu kama watu wengine, na hawakuwa na mtu hata mmoja mezani.

Nina ombi moja la mwisho, nalo ni la namna ya kufanya ukaguzi. Nikiwa kambini niliona wageni kutoka makao makuu mara tatu. Kila mara walifika saa tano asubuhi. Saa hiyo wanaume wako kazini, watoto wako shule, leso imetupwa juu ya kamba ili hewa ipite, sakafu imepigwa deki tangu alfajiri kwa amri. Mgeni anachungulia, anaona chumba kimoja chenye vitanda viwili, anaandika kwamba hali ni ya kuridhisha, anaelekea kwenye chai. Safari hii njooni saa nne usiku. Msipige simu kituoni mapema. Bisheni, mkohoe kidogo, mngoje walio karibu na mlango wajifunike, kisha muwaombe ruhusa mpite mkawahesabu wa nyuma.

Wenu,
Mwalimu, mke wa konstebo